Msamiati Usiokua: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mwanafunzi anayelalamika kwamba msamiati wake ni haba aghalabu hupewa ushauri mmoja: asome zaidi na aandike maneno mapya kwenye daftari. Ushauri huo si mbaya, ila unachukulia kwamba udhaifu wote wa msamiati una chanzo kimoja, jambo ambalo si kweli. Neno lazima kwanza lieleweke, kisha likae katika kumbukumbu, kisha lipatikane pale mwenye nalo anapolihitaji, na mwanafunzi anaweza kukwama katika hatua yoyote kati ya hizo. Aliyekwama katika hatua ya tatu hatasaidiwa na orodha mpya. Daftari lake litanenepa huku insha zake zikibaki zilezile. Kazi ya kwanza, basi, ni kutambua neno linakwama wapi. Mwongozo huu unaanza na kipimo kifupi, kisha unayachukua malalamiko ambayo wanafunzi huyatoa mara kwa mara na kuyafuatilia hadi kwenye vyanzo vyake.

Kipimo cha kuanzia

Fungua kitabu ambacho hujakisoma lakini unachotakiwa kukisoma kwa ajili ya masomo yako, hesabu maneno 100 mfululizo, na uweke alama chini ya kila neno ambalo usingeweza kulieleza kwa mtu mwingine. Usijihurumie: neno ambalo "nimewahi kuliona mahali" huhesabiwa kuwa geni. Mwaka 2000, Marcella Hu na Paul Nation walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa Kiingereza kama lugha ya kigeni, wakaonyesha kwamba wengi wao walihitaji kuyajua takriban asilimia 98 ya maneno ya hadithi ili waielewe vya kutosha bila msaada, yaani neno geni lisizidi moja katika kila maneno 50. Kiwango hicho kilipimwa kwa Kiingereza, na hakiwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye Kiswahili, ambapo kitenzi kimoja huweza kubeba sentensi nzima. Hata hivyo kinatosha kuwa kipimo cha mkono: maneno mawili au matatu yenye alama katika 100 ni mzigo unaobebeka, ilhali kumi au zaidi huonyesha kwamba kitabu hicho kinahitaji msaada wa mwalimu au utangulizi ulio mwepesi zaidi.

Sehemu ya pili ya kipimo huhusu maneno uliyoyaandika zamani kidogo, angalau wiki mbili zilizopita. Chagua 20, ufunike maana zake na ujaribu kuzitaja. Kisha chagua mengine 20, safari hii ufunike maneno yenyewe, uzisome maana na uyaandike maneno bila kuchungulia. Ukishindwa katika zoezi la kwanza, tatizo lako ni kusahau. Ukifaulu la kwanza na kushindwa la pili, maneno unayo ila hayaji unapoyaita. Ukifaulu yote mawili na bado kazi zako zinarudishwa zikiwa na alama nyekundu chini ya maneno uliyoyachagua kwa makini, tatizo liko katika matumizi. Nawasihi wanafunzi wasiiruke hatua hii kwa sababu inachosha. Bila hiyo, kila dawa itakuwa ya kubahatisha.

"Najifunza maneno, lakini baada ya wiki moja yamekwisha potea"

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni ratiba ya marudio, au tuseme kukosekana kwake. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia mwenyewe majaribio ya kumbukumbu kwa kukariri silabi zisizo na maana, alichapisha matokeo yake mwaka 1885. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa husahaulika katika saa za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hufaa kuliko marudio mengi yaliyorundikwa katika siku moja. Mwanafunzi anayetenga saa mbili za Jumamosi kwa ajili ya msamiati na kuuacha hadi Jumamosi nyingine anaenda kinyume na jambo hili, hata awe na bidii kiasi gani. Dakika kumi za kila siku zingemfaa zaidi, na zisingemchosha sana.

Njia rahisi ya kutawanya marudio ni ile iliyoenezwa na Sebastian Leitner wa Ujerumani katika miaka ya 1970, nayo huhitaji kadi za karatasi na visanduku vichache au bahasha. Kila kadi mpya huanzia kisanduku cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Ukilipata neno, kadi husogezwa kisanduku cha pili, kinachopitiwa kila baada ya siku mbili au tatu. Ukilipata tena husogea cha tatu, cha kila wiki, na kuendelea hivyo hadi cha mwezi. Ukilikosa, hata kama lilikwisha fika kisanduku cha nne, linarudi cha kwanza bila majadiliano. Matokeo yake ni kwamba muda wako mwingi unakwenda kwa maneno yanayokusumbua, na yale yaliyokwisha tulia hayakupotezei wakati. Programu nyingi za simu hufanya kazi hiyohiyo kwa kukupangia tarehe. Chombo hakina umuhimu mkubwa almuradi ratiba iheshimiwe.

Chanzo cha pili hakionekani kwa urahisi kwa sababu mwanafunzi huamini anafanya marudio alhali anasoma tu. Kulitazama neno na maana yake zikiwa ubavu kwa ubavu, kutikisa kichwa na kuendelea na linalofuata, huleta hisia ya kulijua ambayo haina msingi. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma upya, wengine walijaribu kuvikumbuka bila kuvitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma upya waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka na waliojaribu kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Hapo ndipo penye mtego: njia dhaifu hukupa matokeo mazuri jioni ileile, nawe ukaridhika. Kwa hiyo daftari lenye safu mbili, neno kushoto na maana kulia, lisitumiwe kamwe bila karatasi ya kufunikia safu moja, na maana itafutwe kichwani kwa sekunde kadhaa kabla ya kufunuliwa, hata pale unapohisi kwamba haitakuja.

Chunguza pia idadi. Mwanafunzi anayeongeza maneno 40 kwa siku anajitengenezea deni la marudio ambalo baada ya wiki mbili halilipiki, na anapolemewa huacha yote. Maneno matano hadi kumi mapya kwa siku, yakirudiwa kama ilivyoelezwa, ni mengi kuliko yanavyoonekana. Mwishowe, litazame neno lenyewe: kama limeandikwa peke yake bila sentensi uliyolikutia, halina pa kujishikiza. Andika sentensi ile iliyokulazimisha kulitafuta.

"Nalielewa neno ninapolisoma, lakini halinijii ninapoandika"

Kwa maoni yangu, hili ndilo tatizo la wanafunzi wengi zaidi wa sekondari na vyuo, na ndilo linalotibiwa vibaya zaidi. Kila mtu, hata mwandishi hodari, huelewa maneno mengi kuliko anayoyatumia, kwa hiyo pengo lenyewe si kasoro. Kasoro ni pengo linapokuwa kubwa kiasi kwamba miaka ya kusoma haionekani katika maandishi. Chanzo kikuu ni mwelekeo wa mazoezi: mwanafunzi amezoea kutoka kwenye neno kwenda kwenye maana, naye anapoandika hutakiwa kusafiri upande wa pili, kutoka kwenye wazo kwenda kwenye neno. Ujuzi wa njia moja hauleti ujuzi wa njia nyingine kwa ukamilifu.

Rekebisho la kwanza ni kugeuza kadi. Upande wa juu uwe na maana au, bora zaidi, sentensi yenye pengo: "Kamati ilishindwa ku______ matumizi ya fedha, na kila idara ikawa inatumia itakavyo." Upande wa chini liwe neno "dhibiti". Sentensi yenye pengo inashinda maana tupu kwa sababu inakuzoesha kuliita neno katika mazingira linamoishi.

Rekebisho la pili hufanywa juu ya kazi yako mwenyewe, nalo linahitaji ukali. Chukua insha uliyoandika mwezi uliopita na upigie mstari kila mahali ulipoandika "kitu", "jambo", "fanya", "sana" na "nzuri". Maneno haya hayana kosa, ila mara nyingi hukaa kwenye kiti cha neno lingine ambalo mwandishi hakulitafuta. Tuseme umeandika: "Mwandishi amefanya jambo zuri sana kuhusu wahusika wake." Jiulize, amefanya nini hasa? Kama ulitaka kusema kwamba wahusika wanaaminika, andika: "Mwandishi amewachora wahusika wake kwa ustadi, kiasi kwamba matendo yao hayamshangazi msomaji hata yanapomhuzunisha." Kama ulitaka kusema kwamba amewatofautisha, andika hivyo. Utagundua kwamba maneno "chora", "ustadi" na "tofautisha" ulikuwa nayo siku zote; kilichokosekana ni kusita kwa muda na kuuliza. Mwanafunzi akipitia ukurasa mmoja wa kazi yake kwa namna hii kila wiki atapata zaidi ya kile ambacho angepata kwa kukariri orodha ya visawe, ambayo nayo ina hatari zake, kama itakavyoonekana mbele.

La tatu ni kutumia neno kabla halijapoa. Ukimaliza kusoma sura, funga kitabu na uandike muhtasari wa sentensi nne au tano, ukijilazimisha kuingiza maneno matatu mapya uliyokutana nayo humo. Au mweleze mwenzako sura hiyo kwa mdomo. Katika kuzungumza hakuna nafasi ya kupekua, na neno lililoitwa likaja mara moja chini ya shinikizo hilo huwa jepesi kuitwa mara ya pili.

Ziko pia hali ambazo neno linakuja vizuri lakini mwandishi analikwepa kwa kuogopa kukosea tahajia au upatanisho wa kisarufi. Dalili yake ni kufuta: rasimu ina neno gumu lililokatwa na jepesi lililoandikwa juu yake. Hapa tiba ni kumwomba mwalimu asahihishe rasimu ambayo hujaisafisha, ili makosa ya jaribio yaonekane na yarekebishwe.

"Nayachanganya maneno yanayokaribiana"

Kwanza tambua unachanganya kwa sikio au kwa maana, kwa sababu marekebisho yake hayafanani. Jozi kama "dhana" na "zana", "athiri" na "adhiri", "thibitisha" na "dhibiti" huchanganywa na watu ambao masikio yao, au matamshi ya mazingira yao, hayatenganishi dh na z, au th na dh. Kukariri maana hakutoshi hapa. Kinachosaidia ni kuliunganisha kila neno na ukoo wake, kwa kuwa ukoo hufichua sauti sahihi. "Dhana" ina ndugu zake "dhani" na "dhania", hivyo ni jambo la kuwaza. "Zana" haina uhusiano nao, ni chombo cha kazi. "Thibitisha" imesimama pamoja na "thabiti" na "uthibitisho". "Dhibiti" iko na "udhibiti" na "mdhibiti". "Athiri" inakwenda na "athari" na "athirika", wakati "adhiri" ni kumtia mtu aibu, na anayeandika kwamba mvua "iliadhiri mazao" anamaanisha, bila kukusudia, kwamba mazao yalifedheheshwa.

Mchanganyiko wa maana una chanzo ambacho huwashangaza wengi, nacho ni mpangilio wa orodha zenyewe. Vitabu na walimu hupenda kufundisha pamoja maneno ya kundi moja: hisia zote siku moja, vinyume vyote siku moja. Thomas Tinkham, kisha Rob Waring, katika tafiti zao za miaka ya 1990 walionyesha kwamba maneno mapya yenye maana zinazokaribiana, yakijifunzwa kwa pamoja, huingiliana na kuchelewesha kukariri kuliko maneno yasiyohusiana. Kwa hiyo kama "dhamira" na "dhamiri" yote ni mageni kwako, yaweke katika siku tofauti. Jifunze moja hadi likae imara na sentensi yake ya kudumu, kisha ulete la pili baada ya wiki. Kuyalinganisha ubavu kwa ubavu kunafaa baadaye, wakati ambapo angalau moja limekwisha tulia.

"Neno silioni kwenye kamusi, au nikiliona silielewi"

Anayejifunza kwa Kiswahili hukutana na kikwazo ambacho kamusi haiwezi kumwondolea: neno lililo kwenye ukurasa mara nyingi si kidahizo, yaani si umbo lile ambalo kamusi huliorodhesha. Akikuta "yaliyoainishwa" na kwenda moja kwa moja kwenye herufi Y, atarudi mikono mitupu. Lazima alivue neno hilo viambishi vyake: "ya-" ya upatanisho, "-li-" ya wakati uliopita, "-yo-" ya urejeshi, na kule mwishoni "-w-" ya kutendwa. Kinachobaki ni "ainisha", kitenzi kinachopatikana chini ya herufi A, chenye maana ya kupanga vitu kwa aina zake. Nomino nazo huficha umbo la umoja. "Nyufa" hutafutwa kwenye "ufa", "ndimi" kwenye "ulimi", "mianya" kwenye "mwanya", "meno" kwenye "jino" na "vyanzo" kwenye "chanzo". Anayeshindwa kupata maneno mara kwa mara asitafute kamusi kubwa zaidi. Arudie somo la ngeli na minyambuliko kwa muda wa wiki chache, na kamusi aliyonayo itafunguka.

Elimu hiyo ya viambishi hulipa mara mbili, kwa kuwa neno moja linalofahamika huwa mlango wa mengine. Kutoka "soma" unapata msomaji, msomi, usomaji, somo, kisomo, someka na somesha. Kiambishi cha kutendua hukupa kinyume bila kukariri neno jipya: funga na fungua, kunja na kunjua, panga na pangua, tega na tegua, choma na chomoa. Si kila kitenzi kinakubali kila mnyambuliko, na hapa ndipo kamusi inapohitajika, si kwa kutafuta maana bali kwa kuthibitisha kwamba umbo ulilolikisia lipo.

Kosa la pili katika kutumia kamusi ni kuchukua maana ya kwanza na kufunga kitabu. Anayesoma "Moshi ulipaa juu ya msitu" na kukutana kwanza na "paa", mnyama wa porini, au "paa", sehemu ya juu ya nyumba, ataona sentensi haina kichwa wala miguu. Maneno yenye umbo moja na asili tofauti hutengwa kwa tarakimu, na alama ya aina ya neno, kama vile "nm" kwa nomino na "kt" kwa kitenzi, ndiyo inayoonyesha uanzie wapi. Katika sentensi ile "-li-" imekwisha kuonyesha kwamba "paa" ni kitenzi, hivyo vidahizo vya nomino havikuhusu.

Je, ni lazima kila neno geni litafutwe? La. Jaribu kwanza kulikisia kutokana na muktadha, lakini ujue ni muktadha upi unaosaidia. Katika sentensi "Jahazi lilipwelewa kwenye fungu la mchanga, na mabaharia wakalazimika kungoja maji yajae ili lielee tena", maana ya "pwelewa" imezungushiwa vidokezo pande zote: mchanga, kungoja, maji kujaa, kuelea. Tena ukikumbuka maji kupwa na kujaa, mzizi wenyewe unakuthibitishia. Linganisha na "Jirani yao alikuwa mkwasi aliyejulikana kote." Hapa "mkwasi" angeweza kuwa mganga, mwizi, tajiri au mwimbaji; hakuna kinachokuelekeza, na kukisia ni kupanda mbegu ya maana ya uongo ambayo baadaye itakuwa vigumu kuing'oa. Kanuni ni kwamba ukisie, uandike kisio lako kwa penseli pembezoni, kisha uthibitishe. Kisio lililokosewa likasahihishwa nalo hukaa kichwani vizuri.

"Maana ni sahihi, lakini mwalimu ameandika 'kosa'"

Mara nyingi neno lenyewe halina tatizo, ila limeozeshwa neno lisilo lake. Kiswahili kina maneno yanayoandamana kwa mazoea, na mantiki haiwezi kukuambia ni yapi. Mtu hukata rufaa, hukata tamaa na hukata shauri, lakini hupiga marufuku, hupiga hatua na hutia saini. "Alifanya rufaa" inaeleweka, na bado kila msikilizaji atasita. Kwa hiyo nomino dhahania isiandikwe kwenye kadi bila kitenzi chake: si "hoja" pekee, bali "toa hoja", "jenga hoja", "pinga hoja".

Chanzo kingine ni kiwango cha lugha, na hapa orodha za visawe ndizo zenye lawama kubwa. Orodha husema kwamba "kufa", "kufariki" na "kuaga dunia" ni visawe, naye mwanafunzi anayetaka kupamba insha ya sayansi anaandika kwamba mti uliaga dunia kwa kukosa maji. "Kufariki" na "kuaga dunia" hutumika kwa binadamu na hubeba heshima. Mti hufa au hunyauka. Kabla ya kubadilisha neno jepesi kwa zito, hakikisha umewahi kuliona lile zito katika angalau sentensi mbili za waandishi tofauti, ukaona linamhusu nani, na katika hali gani.

"Maneno ya somo nayajua, lakini swali la mtihani linanishinda"

Dalili hii huonekana kwa mwanafunzi anayejibu vizuri darasani lakini katika karatasi ya mtihani anaandika kurasa mbili zisizohusu swali. Chanzo chake ni maneno ya kitaaluma ya jumla, yale yasiyo ya somo lolote na yanayopatikana katika masomo yote, ambayo kwa sababu hiyo hakuna mwalimu anayejiona ana wajibu wa kuyafundisha. Kwa Kiingereza, Averil Coxhead alikusanya mwaka 2000 orodha ya koo 570 za maneno ya namna hiyo. Kwa Kiswahili anza na vitenzi vya maswali. "Taja" hudai majina tu. "Eleza" na "fafanua" hudai maelezo, la pili likihitaji undani na mifano. "Linganisha" hutafuta yanayofanana, mara nyingi pamoja na yanayopishana, wakati "tofautisha" hutaka yanayopishana pekee. "Jadili" huhitaji pande zaidi ya moja. "Tathmini" haijibiwi bila kutoa uamuzi wenye sababu, na ndilo neno ambalo wengi hulijibu kana kwamba ni "eleza". Kusanya karatasi za mitihani iliyopita, uyatoe maneno haya, na kwa kila moja uandike jibu fupi la mada ileile ili uone jibu linavyobadilika umbo kitenzi kinapobadilika.

"Najitahidi, lakini siyaoni maendeleo"

Tazama unayochagua. Katika lugha yoyote, maneno machache hujirudia mno na mengi huonekana kwa nadra. Anayetumia wiki nzima kukariri maneno ya kale ya ushairi ilhali hajui "kinzani", "aghalabu" na "mintarafu" anachimba mahali pasipo na faida ya karibu, ingawa ushairi una wakati wake. Neno lililokutana nawe mara tatu katika mwezi mmoja listahili kadi. Lililoonekana mara moja na halikuzuia kuelewa liache lipite.

Huenda, vilevile, msamiati haukuwa tatizo tangu mwanzo. Soma kwa sauti kifungu ambacho maneno yake yote unayajua. Ukisoma kwa kusitasita, ukirudia mistari, au ukifika mwisho bila kukumbuka mwanzo, basi shida iko katika ufasaha wa kusoma, na huo hujengwa kwa kusoma maandishi mepesi kwa wingi. Herufi zikionekana kufifia, au kichwa kikiuma baada ya kurasa chache, macho yapimwe. Na mwanafunzi ambaye kwa miaka amekuwa akipindua herufi au kushindwa kuunganisha sauti na maandishi, licha ya kufundishwa vizuri, aelekezwe kwa mtaalamu wa matatizo ya kusoma kabla ya kuandikiwa orodha nyingine yoyote ya maneno.